Shajara ya mradi: vitenzi 60 vya Kiitaliano, hali zote, njeo zote

7 Aprili. Ninapoanzia

Masika yameingia, hoteli za ufukweni zinafunga moja baada ya nyingine, na Malindi imerudi kuwa ya wenyewe. Hadi Julai sina kikundi hata kimoja cha kutembeza. Miezi hii nimeamua kuitoa kwa jambo linaloniuma kwa muda mrefu: vitenzi vya Kiitaliano.

Natembeza wageni mwaka wa sita sasa, mji wa kale wa Malindi na magofu ya Gede. Kiitaliano nimekipata kwa masikio, kwa kaka zangu waliofanya kazi ufukweni, nao walikipata vivyo hivyo. Kitenzi chetu sote ni kimoja, kile cha kamusini: io andare, tu guardare, loro mangiare, yaani mimi kwenda, wewe kutazama, wao kula. Kwa kuuza kinyago au kuelekeza njia kinatosha. Mwezi wa Februari mgeni mmoja mzee aliniuliza, tukiwa mbele ya msikiti mkuu wa Gede, watu wa mji huu walikuwa wakiishije na kwa nini waliondoka. Hayo yote nayajua. Nilichoweza kutamka ni "la gente andare via", watu kwenda zao. Alinishukuru kwa upole, akafungua kitabu chake, akaanza kujisomea. Iliniuma kwamba habari za wazee wetu amezisoma kitabuni, na mimi nimesimama kando yake nikizijua.

Naandika hapa ili mwenzangu mwenye kazi kama yangu, au mhudumu wa hoteli, au dereva wa tuktuk anayetaka kupita njia hii asipoteze muda nitakaoupoteza mimi.

Kwanza nilihesabu mzigo. Kitenzi cha Kiitaliano kina hali 7, na ndani ya kila hali mna njeo, yaani nyakati. Nne hubeba nafsi: indicativo ya kueleza jambo lilivyo, congiuntivo ya kutaka na kudhani na kuogopa, condizionale ya "ingekuwa", na imperativo ya kuamuru. Tatu hazibebi nafsi: infinito, lile umbo la kamusini, participio ya jambo lililotimia, na gerundio ya "nikitenda". Njeo za zile nne za kwanza ni 8, 4, 2 na 1, jumla 15. Ukizidisha kwa nafsi sita (imperativo ina tano tu) na kuongeza maumbo 6 yasiyo na nafsi, kitenzi kimoja kina maumbo 95. Vitenzi 60 vina maumbo 5,700.

Jioni nzima nimekaa na neno moja, parlavamo. Kwetu ni "tulizungumza": tu, li, zungumza. Kwao ni parla, va, mo: zungumza, li, tu. Vipande ni vile vile, mpangilio umegeuzwa. Sisi tunamtaja mtendaji kwanza, wao wanamtaja mwisho kabisa. Sikio la Mswahili hukaa tayari mwanzoni mwa neno ili lijue nani na lini. Neno la Kiitaliano linapofika hapo mwisho penye nani na lini, sisi tumeshaacha kusikiliza. Nadhani ndiyo sababu kaka zangu walisikia shina tu.

Vifaa: daftari kubwa 180, kalamu za rangi 200, karatasi 3 za manila kwa 25 kila moja. Kila karatasi nimekata kadi 32. Jumla shilingi 455.

20 Aprili. Kadi 90, kisha nikasimama

Mpango wangu ulikuwa kadi moja kwa kila njeo ya kila kitenzi. Vitenzi 20 vya kwanza mara njeo 15, kadi 300. Nimeandika 90 na sitaendelea.

Mdogo wangu ndiye aliyenionyesha kosa. Alichomoa kadi moja, akasema, "Dada, finire, imperfetto, wao," yaani kumaliza, katika njeo ya jambo lililokuwa likiendelea. Nikaanza kimoyomoyo: finivo, finivi, finiva, finivamo, finivate... na jibu likaja: finivano. Sahihi, ila ilibidi nipande ngazi nzima ndipo nifike. Akachomoa nyingine, nikapanda ngazi tena. Mgeni hawezi kungoja nikiimba. Nilikuwa nimehifadhi wimbo, wala si maneno.

Tatizo la pili ni kwamba kadi 15 za kitenzi kimoja hazikuniambia lolote kuhusu kitenzi cha pili. Kila kimoja nilikianza upya kama mgeni mwingine kabisa.

Kadi hizo nimezigeuza, nitaandika upande wa pili. Hasara si karatasi, ni wiki mbili.

4 Mei. Jedwali la saiba lililoandika makosa

Nikafikiri: kama vitenzi vina kanuni, kompyuta ifanye kazi. Nimekwenda saiba, shilingi moja kwa dakika, nikafungua programu ya majedwali, nikaandika fomula: kata herufi 3 za mwisho za kitenzi, bandika kiishio. Parlare ikatoa parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano. Nilifurahi sana. Nikaingiza vitenzi 20 vya -are, nikachapisha kurasa 4 kwa shilingi 10 kila moja, nikaanza kukariri.

Siku tatu baadaye nimegundua nakariri upuuzi. Jedwali lilikuwa limeandika "cerci" kwa cercare na "pagi" kwa pagare. Sahihi ni cerchi na paghi. Herufi c na g mbele ya i hubadili sauti, kwa hiyo Mwitaliano huingiza h ili sauti ya shina isipotee. Anayelindwa ni sauti. Maandishi ndiyo yanayomfuata. Mangiare nayo ilikuwa imetoa "mangii" na "mangierò". Ile i ya mangiare kazi yake ni kulainisha g tu, haina sauti yake yenyewe, basi ikikutana na i nyingine au na e inaondoka: mangi, mangerò. Vivyo hivyo lasciare: lasci, lascerò.

Nikarudi saiba nikatengeneza kanuni ya pili: i mbili zikikutana, moja iondoke. Studiare ikawa studi, sahihi. Halafu inviare, kutuma, ikawa "invi", nayo si sahihi. Ni invii, kwa sababu katika invio i ile hubeba mkazo, ina uzito wake, haifutiki. Fomula haisikii mkazo. Hapo nikazima kompyuta.

Vitenzi vya -ire vina mtego mwingine: vingine huingiza -isc- (capisco, finisco, preferisco, pulisco), vingine haviingizi (dormo, parto, sento, apro). Kuna njia ya kukisia: hesabu herufi ya tano kutoka mwisho wa kitenzi. Ikiwa irabu, kama a ya capire, weka -isc-. Ikiwa konsonanti, kama r ya dormire, usiweke. Nimeijaribu kwa vitenzi vyangu vyote. Inafaa kwa vingi, lakini venire, salire, morire na cucire huikataa, na costruire (kujenga), ninayoihitaji Gede kila siku, huikataa kwa upande wa pili: costruisco. Itumie kukisia tu, kisha uhakikishe.

Gharama ya hatua hii: saiba mara mbili, 200 na 90, kuchapisha 40. Sikushauri ufuate njia hii. Nilichopata ni kujua kwamba lazima kila neno nilisikie kabla ya kuliandika.

25 Mei. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa na kosa

Jirani yetu wa mtaa wa pili ni mama wa Kiitaliano, mstaafu, amekaa Malindi miaka mingi. Nilimwamkia, nikamweleza mradi, nikamwomba anisahihishie daftari nimlipe. Pesa amekataa. Anataka nimsahihishie Kiswahili chake, saa moja kwa saa moja, kila Jumamosi. Tumekubaliana.

Daftari langu linaanza na jedwali nililolifanya siku ya kwanza na kujivunia: -li- ni passato remoto, -me- ni passato prossimo, -ta- ni futuro, -nge- ni condizionale, kiishio -e ni congiuntivo. Kila kiambishi chetu na njeo yao. Chini yake nilikuwa nimeandika sentensi za mazoezi, mojawapo "mlinzi amelala chini ya mti", il guardiano ha dormito sotto l'albero.

Mama akasoma, akauliza, "Aliamka saa ngapi?"

Nikamwambia hajaamka, bado amelala.

"Basi ni dorme. Ukisema ha dormito, usingizi umekwisha, ameshakwenda zake."

Hapo ndipo nilipoona. Kiambishi -me- chetu kinafanya kazi mbili. Katika "wageni wamefika" kinasema jambo limetimia: sono arrivati. Katika "amelala", "amekaa", "amesimama", "amechoka", "amevaa" kinasema hali aliyomo mtu sasa hivi, na Mwitaliano huitamka kwa presente, njeo ya sasa: dorme, è seduto, è in piedi, è stanco, porta. Nilihesabu sentensi zangu za -me- daftarini: 31. Kumi na mbili zilikuwa za aina hii, zote nimeziandika kwa passato prossimo.

Kiambishi -li- kimenipa shida zaidi, maana Kiitaliano cha mazungumzo kinagawa yaliyopita sehemu mbili: imperfetto kwa jambo lililokuwa likiendelea, la mazoea, au sura ya kitu ilivyokuwa, passato prossimo kwa jambo lililotokea likaisha. Mama alinieleza mara tatu kwa mifano ya kwao, sikushika. Nilishika usiku, peke yangu, nilipomkumbuka bibi akisimulia hadithi. Bibi husema: "Palikuwa na mzee, alikuwa akikaa kando ya bahari, kila siku akienda kuvua. Siku moja akaenda, akatupa wavu, akavuta, akaona..." Sehemu ya kwanza yote ni imperfetto: c'era, abitava, andava. Inapoingia -ka-, mambo yanaanza kutokea, na imperfetto inakoma: è andato, ha gettato, ha tirato, ha visto. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: kama sentensi hiyo ningeweza kuisimulia kwa -ka-, nisitumie imperfetto. Kama ingekuwa "alikuwa aki-", niitumie. Nimempelekea Mama kipimo hiki na sentensi 40. Aligeuza 3 tu.

Ukurasa wa kwanza nimeuchana.

Kosa jingine alilolisikia Mama, si la kuandikwa. Kila mara nasema "sono nato a Malindi", "sono stanco", "sono arrivato": nimezaliwa Malindi, nimechoka, nimefika. Hizo ni za mwanamume. Kiitaliano nimefundishwa na kaka zangu, na miaka sita nimejitambulisha kwa wageni kwa umbo la kiume, wala hakuna aliyenirekebisha. Sono nata, sono stanca, sono arrivata. Dada unayesoma hapa, ukiwa umejifunzia ufukweni kama mimi, pitia kila sentensi yako yenye sono.

15 Juni. Nguzo nne

Hatua iliyobadilisha kila kitu. Niliacha kuuliza "kitenzi hiki kina maumbo mangapi" nikauliza "ni maumbo gani siwezi kuyakisia". Yamebaki manne. Nimeyaita nguzo, na kila kitenzi sasa kina kadi moja tu. Ya venire imeandikwa: vengo, venuto (E), verrò, venni.

Nguzo ya kwanza ni nafsi ya mimi katika presente. Humo ndimo inamotoka congiuntivo presente: vengo, venga, faccio, faccia, dico, dica, esco, esca, finisco, finisca. Ubishi upo kwa vichache, nimeviandika kwa rangi nyekundu ukutani: sia, abbia, sappia, dia, stia, debba. Na sisi na nyinyi hufuata umbo la noi: usciamo, usciate.

Nguzo ya pili ni participio, na pembeni yake herufi E au A, yaani essere (kuwa) au avere (kuwa na), kitenzi kinachoitangulia. Nguzo hii peke yake inabeba njeo 7 kati ya 15, zile zote za maneno mawili. Ukijua venuto na ukajua kunyambua essere, unazo sono venuta, ero venuta, fui venuta, sarò venuta, sia venuta, fossi venuta, sarei venuta. Niliwahi kupanga kuandika kadi 7 kwa hizi!

Nguzo ya tatu ni futuro ya mimi. Condizionale hukaa juu ya shina lile lile daima: verrò, verrei, andrò, andrei, sarò, sarei, vorrò, vorrei. Nimetafuta kitenzi kinachokataa, sijakipata.

Nguzo ya nne ni passato remoto, nitaieleza nikifika.

Imperfetto haihitaji nguzo, inatoka kwenye infinito: parlavo, prendevo, dormivo. Vinavyoasi ni fare, dire na bere, vinavyotumia shina la zamani (facevo, dicevo, bevevo), na essere (ero). Congiuntivo imperfetto inafuata shina hilo hilo: facessi, dicessi, bevessi. Fossi, dessi na stessi nimeziandika ukutani pia. Presente ya vitenzi visivyo na utaratibu nimeiandika nafsi zote sita nyuma ya kadi. Hapo hakuna njia ya mkato.

Kadi 60, manila 2, shilingi 50.

29 Juni. E au A

Fupi. Vitenzi vya kwenda, kuja, kuwa, kuzaliwa, kufa, kubaki huchukua essere. Vya kujifanyia (mi sono svegliata) vyote essere. Vyenye kitu kinachotendwa, avere. Nilidhani mwendo wote ni essere, nikaandika E kwenye camminare, nuotare na viaggiare (kutembea, kuogelea, kusafiri). Ni A: ho camminato, ho nuotato, ho viaggiato. Mwendo wenye mahali pa kufika huchukua E. Mwendo kama shughuli tu, A.

Ukichukua essere, participio hufuata mtendaji: arrivato, arrivata, arrivati, arrivate. Mswahili hana sababu ya kulalamika hapa. Sisi husema kimefika, vimefika, imefika, zimefika tangu utotoni.

Na piacere, inayowasumbua watu wengi, kwetu ni rahisi kabisa ukiacha "kupenda" ukashika "kupendeza". Magofu yamenipendeza: le rovine mi sono piaciute. Mtendaji ni magofu, mimi ni mtendewa, lugha zote mbili.

13 Julai. Kugeuza irabu ya mwisho

Wageni wameanza kurudi. Nimefanya congiuntivo na imperativo pamoja, kwa sababu zimefungamana.

Soma, asome. Lala, alale. Kiswahili hugeuza a ya mwisho kuwa e jambo likiwa la kutakwa. Kiitaliano hufanya jambo la namna hiyo: parla, anazungumza, inakuwa parli, prende inakuwa prenda, dorme inakuwa dorma. Vya -are huenda kwenye i, vingine vyote huenda kwenye a. Voglio che lui venga, nataka aje. Bisogna che lei parta, lazima aondoke. Nilipoona hivyo, hofu ya congiuntivo ilipungua nusu.

Nusu iliyobaki ndiyo iliyoniangusha. Kiswahili hutumia -e kwa matakwa. Kwa dhana hakitumii: "nadhani amefika". Mwitaliano hutumia congiuntivo kwa vyote viwili: penso che sia arrivato. Mazoezi ya Jumamosi nilikosa kila sentensi ya penso, credo na mi pare (nadhani, naamini, naona), na nikapata kila ya voglio. Dawa: maneno hayo matatu, pamoja na spero (natumaini), nimeyaandika mlangoni kwa nyekundu, kila nikipita natunga sentensi moja. Siku tisa ilichukua.

Imperativo ilikuwa na aibu yake. Wageni wote, wazee kwa vijana, nilikuwa nikiwaambia guarda, vieni, aspetta (tazama, njoo, ngoja) kwa umbo la tu, "wewe" ya wenzako. Mama amenieleza kwa lugha yetu: "Ni kama kumpita mzee bila shikamoo." Kwa mtu wa heshima ni Lei, na amri ya Lei ni congiuntivo ile ile: guardi, venga, aspetti. Kwa kikundi ni voi: guardate, venite, aspettate. Kukataza kwa tu ni non na infinito, non toccare, usiguse. Hilo ni umbo moja ambalo kaka zangu walikuwa nalo sawasawa. Kwa Lei, non tocchi, na ile h ya saiba imerudi.

27 Julai. Se

"Ningekuwa na nafasi, ningekwenda Lamu." Pande zote mbili -nge-. Basi nami niliandika pande zote mbili condizionale: "se avrei tempo, andrei a Lamu". Kosa kubwa, na Mama anasema hata watoto wa Italia hulifanya wakakemewa. Baada ya se, yaani "kama", huja congiuntivo imperfetto; upande wa pili ndio condizionale: se avessi tempo, andrei a Lamu. Na ya -ngali-: se avessimo saputo, saremmo venuti, tungalijua tungalikuja.

Jumamosi hiyo ilipofika saa yake ya Kiswahili, Mama akasema, "Kama nilikuwa na nafasi, ningekwenda Lamu." Lugha yake inadai maumbo mawili tofauti, naye ameyaleta mawili kwetu, yangu inadai moja mara mbili, nami nimelipeleka kwao. Tukaandika karatasi moja ya sentensi 20, Kiswahili kushoto, Kiitaliano kulia, kila mmoja ana nakala. Ndiyo karatasi bora ya mradi huu wote. Nakala 10 nimezitoa kwa shilingi 100, kumi zote zimechukuliwa na wenzangu wa kazini.

10 Agosti. Mkazo

Mwezi wa wageni wengi. Niko Gede karibu kila siku, na kosa nililolipata halikuwa kwenye kadi yoyote.

Mkazo wa Kiswahili karibu kila mara uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sisi hatuufikirii. Kwa mazoea hayo nilikuwa nasema parlÁno, prendÒno, abitÁno. Wageni walikunja uso, wakaelewa baada ya muda. Ni PÀRlano, PRÈNdono, À-bitano. Nafsi ya wao haihamishi mkazo wa shina: lui pàrla, loro pàrlano. Katika imperfetto ni parlàvano, congiuntivo pàrlino na parlàssero, condizionale parlerèbbero. Telefonare inarudi nyuma silabi nne: telèfonano. Nilipiga makofi nikitembea chumbani, kofi moja kwa kila silabi, kubwa kwa mkazo.

Tena mkazo hugeuza njeo na nafsi. Parlo ni nasema. Parlò ni alisema. Anayebisha kwamba mkazo una nguvu hivyo akumbuke barabara ya kupita magari na kazi iliyofanywa barabara.

Jirani wa kosa hili ni konsonanti mbili. Niliwaambia kikundi "domani visiteremmo il palazzo". Bwana mmoja akaniuliza ni nini kitakachotuzuia. Visiteremo, m moja, ni tutatembelea. Visiteremmo, m mbili, ni tungetembelea. Kiswahili hakirefushi konsonanti namna hii, kwa hiyo mdomo wangu haukuwa ukitofautisha. Dawa niliyoipata ni kusimama kidogo juu ya m, kama mtu aliyefunga mdomo akasahau kuufungua, ndipo niachie. Nimejirekodi kwa simu, nikasikiliza, nikarudia. Mama ameanza kutofautisha bila kuniangalia mdomo.

24 Agosti. Passato remoto, na lile jibu la Februari

Niliacha nguzo hii hadi mwisho kwa sababu katika mazungumzo watu wengi wa kaskazini mwa Italia hawaitumii, hutosheka na passato prossimo; kusini na Toscana bado iko hai. Lakini vitabu vya historia vimeandikwa kwayo, na kazi yangu ni historia.

Vitenzi vingi vya -ere vina utaratibu mmoja: mimi, yeye na wao hubadili shina, wengine watatu hawabadili. Scrissi, scrivesti, scrisse, scrivemmo, scriveste, scrissero. Kwa hiyo neno moja la nguzo linatosha: scrissi, presi, vidi, misi, chiusi, nacqui, venni. Kosa langu lilikuwa kusema "scrissesti", kulisambaza shina jipya kwa kila mtu. Nililirekebisha kwa kuandika kila kitenzi katika mistari miwili ya rangi mbili, watatu kwa watatu.

Sentensi za mazoezi nimezitoa mtaani kwetu. Vasco da Gama arrivò a Malindi nel 1498. Il 12 dicembre 1970 lanciarono il satellite Uhuru dalla piattaforma San Marco, davanti a Ngomeni. Yaani: Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498; tarehe 12 Desemba 1970 walirusha setilaiti Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, mbele ya Ngomeni. Siku ya Uhuru wa Kenya, ndiyo jina lake. Wageni wengi wa Italia hawalijui hilo, nao husimama kusikiliza.

Hii ndiyo niliyoitamka Gede Jumanne, mbele ya msikiti, kwa kikundi cha watu tisa:

"Qui abitavano famiglie swahili. Vivevano di commercio e compravano porcellana cinese. Costruirono case di corallo, una grande moschea, un palazzo. Nel Seicento abbandonarono la città. Si pensa che l'acqua dei pozzi sia diminuita. Nel 1948 James Kirkman cominciò gli scavi, e nel 2024 Gede è entrata nel patrimonio mondiale dell'UNESCO."

Yaani: hapa zilikuwa zikiishi familia za Waswahili. Waliishi kwa biashara na kununua kauri za China. Walijenga nyumba za matumbawe, msikiti mkubwa, kasri. Katika karne ya 17 waliuacha mji. Inadhaniwa maji ya visima yalipungua. Mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua, na mwaka 2024 Gede imeingia katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Imperfetto kwa maisha yao, remoto kwa waliyoyafanya yakaisha, congiuntivo kwa yanayodhaniwa, prossimo kwa lililo karibu nasi. Mwanamke mmoja akauliza visima viko wapi, nikamjibu: "Venga, Le faccio vedere", njoo nikuonyeshe. Kikundi kizima kikatufuata.

Gharama hadi leo: 455 za mwanzo, 330 za saiba na kuchapisha, 50 za manila ya pili, 100 za nakala. Jumla shilingi 935. Anayeanzia kwenye nguzo nne moja kwa moja atahitaji daftari, kalamu na manila 2: 430.

Kadi 60 zimekamilika. Nilizozikata zikabaki ni 4, na leo nimeanza kuzijaza kwa kundi la -durre, ambalo infinito yake imefupishwa na kuficha shina: tradurre, traduco, tradotto (A), tradurrò, tradussi. Imperfetto ni traducevo. Zimebaki condurre, produrre na ridurre, nitaziingiza Jumamosi baada ya Mama kuzisikia.